Nakala Isiyojaribiwa Si Nakala

Kuna sentensi tatu ambazo mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu hapa Uganda amezisikia kabla hajamaliza mwaka wa kwanza. Ya kwanza ni ya fundi: "Hii dawa yake ni kupiga Windows upya." Ya pili ni ya mhadhiri: "Kwani hukuweka nakala?" Ya tatu ni ya karani dirishani: "Mfumo umelala, njoo kesho." Tumezizoea kiasi kwamba tunazipokea kama mvua ya Aprili: hakuna wa kulaumiwa, kila mtu atafute mwavuli wake. Mimi nakataa. Katika insha hii ninadai kwamba sentensi ya kwanza ni kosa la kiufundi, ya pili inamtwisha mnyonge mzigo usio wake peke yake, na ya tatu ni uzembe uliovaa suti.

Najua nitaulizwa: mwanafunzi wa Kiswahili na mambo ya diski wamekutana wapi? Wamekutana ofisini mwa idara. Chuo sikitaji, kwa kuwa ninalolisema linavihusu vyuo vingi. Katika idara yetu kulikuwa na kompyuta moja ya mezani iliyohifadhi rekodi za kazi za nyanjani. Kila mwaka wanafunzi wa fasihi simulizi walitumwa kwenda kurekodi: Bombo kwa wazee wa Kinubi, Jinja, na katika mitaa ya Kampala ambako bado wapo watu waliojifunza Kiswahili jeshini au relini. Walirudi na vitendawili, hadithi, nyimbo za harusi na simulizi za maisha. Rekodi zote ziliingizwa kwenye kompyuta hiyo, na baada ya hapo kila mwanafunzi alifuta zake kwenye simu ili apate nafasi.

Muhula uliopita kompyuta hiyo iligoma kuwaka. Ilitoa skrini ya buluu na maneno machache ya Kiingereza, ikajizima, ikajiwasha, ikatoa buluu tena. Fundi akaitwa. Kabla ya saa kumi alasiri alikuwa ameipiga Windows upya na kuirudisha mezani. Ilikuwa inawaka vizuri, nyepesi kuliko zamani, na tupu. Rekodi za miaka sita zilikuwa zimeondoka. Baadhi ya wazee waliorekodiwa wamekwisha kufariki dunia, hivyo hata tukitumwa tena nyanjani hatutawakuta. Fundi hakuiba kitu, na aliidhinishwa na ofisi. Alifanya kazi aliyoagizwa, akalipwa, akashukuriwa. Hilo ndilo linalonitisha: hakuna aliyevunja kanuni, kwa sababu kanuni haikuwepo.

Nianze na fundi. Kompyuta kutowaka si sawa na kompyuta kupoteza vitu vilivyomo. Kufuli la mlango likikwama, mwenye nyumba haichomi nyumba. Ndani ya diski moja kuna faili za namna mbili. Kuna faili za mfumo endeshi, yaani zile zinazoiwezesha mashine kuamka, kutambua kibodi, kuonyesha skrini na kumpokea mtumiaji. Na kuna faili za watu: tasnifu, alama, picha, sauti. Faili za namna ya kwanza zinapatikana duniani kote, maana Windows ya kwetu na ya Nairobi ni moja. Faili za namna ya pili hazipatikani popote pengine. Cha ajabu ni kwamba dawa ya "kupiga upya" hurudisha kile kilichopo kila mahali na kuangamiza kile kisicho na mwenzake.

Mara nyingi kinachoharibika ni kidogo mno. Katika Windows kuna folda iitwayo System32, na ndani yake folda iitwayo config. Humo mna faili zenye majina kama SYSTEM, SOFTWARE, SAM na SECURITY. Hizo kwa pamoja ni sehemu kubwa ya rejista, daftari ambalo mashine hulisoma inapoamka ili ijue ianzishe nini, kwa mpangilio gani, na ni nani wanaoruhusiwa kuingia. Umeme ukikatika wakati daftari hilo linaandikwa, jambo ambalo kwetu si geni, ukurasa mmoja unaweza kuvurugika na mashine isiweze kuwaka kabisa. Lakini rekodi ya bibi wa Bombo iliyo katika folda nyingine haijaguswa. Ipo palepale, nzima.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya fundi mwenye akili si kurekebisha bali ni kuokoa. Unaiwasha mashine kwa flashi yenye Linux, bila kuigusa Windows iliyougua, unafungua diski na kunakili faili za watu kwenye diski ya nje. Au unaitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine. Hilo likishafanyika, ndipo unaugeukia mfumo. Windows yenyewe ina zana za kurekebisha mwanzo wa kuwaka. Kuna amri ya sfc /scannow, ambayo hulinganisha faili za mfumo na nakala safi zilizohifadhiwa ndani ya mashine na kubadilisha zilizoharibika. Ikiwa hata ghala la nakala hizo safi limeharibika, kuna amri ya DISM ya kulitengeneza. Kuna pia vituo vya kurejesha, ambavyo huirudisha rejista na faili za mfumo katika hali ya siku fulani iliyopita bila kugusa nyaraka. Kupiga Windows upya ni hatua ya mwisho, na hata hapo Windows ya siku hizi hukuuliza kama unataka kubakiza faili zako. Fundi wetu aliruka ngazi zote akaenda moja kwa moja juu ya paa.

Ataniambia mtu kwamba hizo ni nadharia. Basi tutazame tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kompyuta za Windows zikaanza kuanguka katika nchi nyingi kwa saa chache. Microsoft ilikadiria kwamba mashine zilizoathirika zilikuwa milioni 8.5. Ndege hazikuruka, hospitali ziliahirisha huduma, benki zilikwama. Mashine zilijiwasha, zikatoa skrini ya buluu, zikajizima, zikajiwasha tena, sawasawa na ile ya idara yetu. Dawa ilikuwa nini? Kuiwasha mashine katika hali salama, kuingia katika folda ya CrowdStrike iliyo ndani ya System32, kufuta faili moja mbovu, kisha kuiwasha upya. Faili moja. Kama dunia ingefuata ushauri wa fundi wetu, mamilioni ya mashine yangefutwa siku hiyo kwa sababu ya faili moja.

Tukio hilo lilifundisha jambo la pili. Kompyuta nyingi zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker, kinga inayoifanya diski isisomeke bila ufunguo. Ili kuingia na kufuta ile faili mbovu, fundi alihitaji namba ya tarakimu 48. Asiyejua namba hiyo imehifadhiwa wapi alikwama mlangoni huku dawa ikiwa mkononi. Wanafunzi wenzangu, laptopu nyingi mpya hufungwa kwa kinga hiyo bila mwenyewe kuambiwa kwa lugha anayoielewa. Ufunguo huo ni sehemu ya nakala yako. Diski iliyofungwa bila ufunguo ni kopo lililochomelewa.

Na kuna mfano mmoja ambao kwangu ndio kiini cha mjadala huu wote. Matoleo ya zamani ya Windows yalikuwa na desturi ya kujitengenezea nakala ya rejista katika folda iitwayo RegBack. Vizazi vya mafundi vilijifunza kwamba daftari likivurugika, unachukua nakala iliyo RegBack na kuirudisha mahali pake. Kuanzia toleo la 1803 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, Microsoft iliisimamisha desturi hiyo. Maelezo yake yalikuwa kwamba inapunguza nafasi ambayo Windows inachukua kwenye diski. Lakini folda haikuondolewa. Ukiifungua unakuta majina yaleyale, SYSTEM, SOFTWARE na mengineyo, na ukubwa wa kila faili ni sifuri. Kuna kabati na kuna majalada yenye lebo, ila ndani hakuna karatasi. Fundi anayefuata mwongozo wa zamani huichukua ile sifuri na kuiweka juu ya faili iliyoharibika, na kilichokuwa kinaweza kutengenezeka kinakuwa hakitengenezeki tena. Kampuni ilipendekeza watu wategemee vituo vya kurejesha, ila katika kompyuta nyingi huduma hiyo huwa imezimwa mpaka mwenyewe aiwashe. Hebu mwenye kompyuta aiangalie ya kwake leo.

Sasa nimgeukie mhadhiri, kwa heshima zote. Walimu wangu wapendwa, mnapouliza "Kwani hukuweka nakala?" mnauliza swali zuri kwa wakati mbaya. Katika kozi ya mbinu za utafiti tumefundishwa upana wa pambizo, namna ya kunukuu, tofauti ya mahojiano na hojaji. Hatukufundishwa hata saa moja namna ya kuhifadhi data ili mwaka ujao iwepo. Kisha mwanafunzi anakuja akilia kwamba laptopu imekufa wiki moja kabla ya kuwasilisha, na anajibiwa kana kwamba alifeli somo lililofundishwa.

Kumbukeni pia mwanafunzi huyu ni nani. Wengi wetu hatuna laptopu. Tunaandika katika maabara ya chuo, kwenye kompyuta zilizowekewa programu ya kufuta kila kitu zinapozimwa, au tunaandika kwa simu na kwenda kuchapisha Wandegeya, ambako flashi yako inaingizwa katika mashine iliyokwisha kupokea flashi mia moja siku hiyo na virusi vyake. Data ya intaneti hununuliwa kwa vipimo vidogo. Kumwambia mtu huyu "weka wingu" ni kumwambia asiye na viatu anunue soksi.

Hata hivyo simpi mwanafunzi msamaha wa bure. Kuna kanuni inayojulikana kwa tarakimu tatu, 3-2-1, ambayo mpigapicha Peter Krogh aliieneza: kuwa na nakala tatu za kila kitu cha thamani, katika vyombo vya namna mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine. Haihitaji utajiri. Tasnifu yako iwe kwenye kompyuta unayoandikia, kwenye flashi, na kwenye barua pepe uliyojitumia mwenyewe. Maandishi ya kurasa hamsini ni mepesi kuliko video moja ya WhatsApp. Lakini tuifuate kanuni kwa moyo wake. Laptopu na flashi ndani ya mkoba mmoja mgongoni mwako juu ya bodaboda si nakala mbili. Ni nakala moja yenye uzito mkubwa zaidi, na mwizi ataondoka nazo zote kwa mkono mmoja.

Baada ya kusema hayo, naligeuza swali lirudi lilikotoka. Walimu wangu, alama zetu za kazi za muhula ziko wapi? Kila mwanafunzi wa nchi hii anajua maana ya alama zilizopotea. Umefanya jaribio, umewasilisha kazi, umefanya mtihani. Matokeo yanapotoka, nafasi yako ni tupu. Unaambiwa umtafute mhadhiri, naye anasema alama zilikuwa katika jedwali kwenye laptopu yake, na laptopu ilipigwa Windows mwezi wa tatu. Kuanzia hapo ni wewe unayepaswa kuthibitisha kwamba ulifanya mtihani. Kuna watu waliokosa mahafali kwa sababu hiyo, wengine wakapoteza kazi walizokuwa wameahidiwa kwa sharti la cheti. Mwanafunzi akipoteza kazi yake, anaadhibiwa mwanafunzi. Mhadhiri akipoteza kazi ya mwanafunzi, anaadhibiwa mwanafunzi. Mizani ya namna hiyo haiwezi kuitwa haki hata ikipakwa rangi.

Nafika kwenye ofisi. Jibu la ofisi huwa la namna tatu, na yote matatu ninayapinga.

Jibu la kwanza: hatuna fedha. Kama umaskini ndio ungekuwa chanzo, matajiri wasingepoteza kitu. Mwezi Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, kimoja cha vyuo vikubwa duniani, kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti, faili zipatazo milioni 34, kutoka kwenye hifadhi ya kompyuta zake kuu. Kilichozifuta ni kasoro katika programu ya kuweka nakala yenyewe. Programu ilibadilishwa ikiwa bado inaendelea kufanya kazi, na badala ya kufuta kumbukumbu za zamani ikaanza kufuta kazi za watu. Mwezi Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Hifadhi ambayo watumishi wa serikali waliwekea nyaraka zao za kazi, yenye terabaiti 858, iliteketea, na haikuwa na nakala nje ya jengo lile, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Hao si maskini wa fedha. Walichokosa ni tabia. Na kwa upande wetu, diski ya nje ya kuhifadhia rekodi zote za idara ina bei ndogo kuliko hema na viti tunavyokodi kwa kongamano la siku moja. Fedha ipo, ila haijawahi kuulizwa swali hili.

Jibu la pili: tuna wingu. Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine katika jengo la mtu mwingine, na jengo huungua, kama tulivyoona Daejeon. Zaidi ya hapo, huduma nyingi tunazoziita hifadhi ni za kuoanisha tu. Unachofuta kwenye laptopu, nalo wingu linakifuta. Virusi vikiiharibu faili yako nyumbani, faili iliyoharibika hupanda winguni kwa bidii ileile. Huduma nyingine hukuwekea matoleo ya nyuma kwa siku kadhaa, na baada ya hapo umechelewa. Na anwani za barua pepe za chuo hufungwa mwanafunzi akimaliza, pamoja na kila alichoweka humo. Wingu linaweza kuwa ile nakala ya mahali pengine katika 3-2-1. Haliwezi kuwa zote tatu.

Jibu la tatu ndilo la hatari zaidi, kwa sababu husemwa kwa kujiamini: nakala tunazo. Vizuri. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao, nayo ilikuwa nazo. Usiku huo mhandisi mmoja alikusudia kufuta data kwenye seva ya akiba, akafuta kwenye seva kuu. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili. Kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Hakuna wasiwasi, walidhani, maana walikuwa na njia kadhaa za nakala. Wakafungua hifadhi ya nakala za kila siku, wakakuta hamna kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilopatana na hifadhidata, kwa hiyo ilikuwa inashindwa kila siku, kimyakimya. Barua pepe za kuonya kwamba imeshindwa nazo zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa barua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yuleyule alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Kazi za saa hizo sita zilipotea moja kwa moja. Nawaheshimu kwa jambo moja: waliandika kila kitu hadharani, hatua kwa hatua, ili wengine wajifunze. Ni ofisi gani ya chuo kwetu imewahi kufanya hivyo?

Tuna kumbukumbu yetu wenyewe karibu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, jengo kuu la utawala la Makerere liliungua. Nchi nzima iliamka ikitazama paa lililoanguka, na swali la kwanza la waliosoma pale halikuwa juu ya mawe bali juu ya nyaraka: vyeti vyetu, alama zetu, kumbukumbu za miaka yote. Swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa kwa wiki chache kisha likapoa. Halikupaswa kupoa. Kila chuo kilipaswa kulijibu siku ileile kwa upande wake, na kuendelea kulijibu kila muhula.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kulishikilia jambo hili, kwa sababu taaluma yetu inaishi kwa nakala. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliandika kwa kalamu yake nakala za tenzi nyingi kwa ajili ya watafiti kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Kazi za mkono wake zimehifadhiwa London na Ujerumani. Yapo mengi ya kusema kuhusu haki ya karatasi zetu kukaa ughaibuni, na tuyaseme. Lakini mchwa, unyevu wa pwani na moto haviulizi uraia. Tunazisoma tenzi hizo leo kwa sababu mtu alikaa chini akanakili, na nakala ikakaa mahali pengine. Tena nakala ya utenzi haikuwa ya kufungiwa sandukuni tu. Ilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na ubeti ukikosekana, anayeujua utenzi angeushtukia. Ndiyo majaribio ninayoyadai. Mwandishi wa Lamu aliyekuwa na wino na karatasi tu angetushangaa sana sisi wenye mashine.

Ninapendekeza nini? Kwanza, kila idara iwe na daftari, hata la karatasi, linaloorodhesha vitu visivyoweza kupatikana tena vikipotea: alama, rekodi za nyanjani, tasnifu zilizopitishwa, funguo za diski. Mbele ya kila kimoja liandikwe nakala zake ziko wapi na nani anazisimamia. Mali bila daftari hupotea bila habari; wahenga walilisema hilo kabla ya kompyuta, na kompyuta haijalibadilisha.

Pili, kompyuta yoyote ya chuo isipigwe Windows upya mpaka mtu mwenye dhamana asaini kwamba faili za watu zimenakiliwa nje na kufunguliwa zikasomeka. Kuingia maktaba tunasaini. Kuchukua kiti ukumbini tunasaini. Kufuta rekodi za miaka sita hakuhitaji saini ya mtu?

Tatu, alama za kila kazi ziwe mahali pawili ndani ya wiki moja tangu kusahihishwa: kwa mhadhiri na kwa idara. Zikipotea zote mbili, mzigo wa ushahidi usiwe wa mwanafunzi.

Nne, kozi ya mbinu za utafiti itenge saa mbili tu. Saa ya kwanza mwanafunzi ajifunze kuweka nakala na kuwasha vituo vya kurejesha. Saa ya pili apewe mashine isiyowaka aokoe faili zilizomo. Atakayetoka hapo hatamwamini tena fundi anayeanza na neno "futa".

Tano, na hili ndilo linalobeba mengine: kila muhula, kabla ya mitihani, idara ichague faili chache kwa bahati nasibu, izirejeshe kutoka kwenye nakala hadi kwenye mashine nyingine kabisa, izifungue, izisikilize, na iandike matokeo ubaoni ambapo wanafunzi wanaweza kuyasoma. Zoezi hilo halizidi asubuhi moja. Likifaulu, tutajua. Likishindwa, tutajua kabla ya msiba na si matangani.

Nasikia tayari sauti ikisema kwamba mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana mamlaka ya kuwapangia wakubwa kazi. Ni kweli, mamlaka sina. Lakini jina langu limo katika majedwali yao, na sauti za wazee tuliowaahidi kwamba maneno yao yatatunzwa zilikuwa katika diski yao. Tuliwapa ahadi hiyo kwa jina la chuo, si kwa majina yetu. Mzee aliyekubali kuimba mbele ya simu ya kijana asiyemjua alikiamini chuo.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, tukienda ofisini tuache kuuliza kama wana nakala. Jibu la swali hilo ni "ndiyo" siku zote, na hata RegBack ingejibu "ndiyo" ikiwa na majalada yake yote matupu. Tuulize hivi: mara ya mwisho mlirejesha lini, faili gani, na nani aliifungua akaona imefunguka? Atakayetutajia tarehe, tumshukuru. Atakayetutazama tu, tumwombe tarehe ya kuanza, na tuiandike.